Nifungie kuku au nizungushie mchicha? Niko Dodoma, kuku 19, watoto watatu, maji ya mgao

Mkazi wa Mkonze · #1 · 12 Oktoba

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, ila msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Tuko Mkonze, Dodoma. Nilihamia huku na ofisi mwaka 2019 kutoka Dar, tukapanga Area C, tukajikongoja hivyo hivyo mpaka tukapata kiwanja chetu. Nyumba bado haijapigwa plasta nje, lakini bustani ninayo. Niliianza kabla hata ya kuweka geti, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha kila ikipotea ndoo.

Nina matuta manne: mchicha mawili, chinese moja, na la nne ni sukuma wiki inayosuasua. Mpapai mmoja. Kuku wa kienyeji 19 pamoja na jogoo, mbwa mmoja. Watoto ni watatu: binti wa miaka 9, kijana wa miaka 5 na nusu aliyeko chekechea, na kitinda mimba wa miezi 10 anayetambaa kwa kasi ya bodaboda.

Tatizo lenyewe ni hili. Wiki ya tano sasa kuku wanatoka bandani mchana na kumaliza mchicha. Nikisema kumaliza namaanisha kumaliza. Tangu Septemba nimepanda mara mbili, na mara zote mbili, mchicha ukifika kiganja kimoja, ule wa kusema kesho tunachuma, narudi kazini saa kumi na mbili jioni nakuta tuta limechakurwa kama wamefukua bomba.

Na mjue mchicha huo unanigharimu nini. Maji mtaani kwetu ni mara mbili kwa wiki, nina tenki la lita 2,000, na mwezi huu wa kumi kila mtu anajua hali. Maji ya kuogea watoto yanakwenda kwenye mpapai. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanakwenda kwenye matuta. Kila jani la mchicha mtakaloliona kwangu limenywa maji ambayo yameshafanya kazi nyingine kwanza.

Komeo la banda nimebadilisha mara tatu. La kwanza lilikuwa waya wa kusokota, la pili kijiti, la tatu nimenunua dukani kabisa nikalipiga juu. Nimeushuku upepo (wa Dodoma mnaujua upepo wa huku, unaingia ndani bila hodi). Nikamshuku dada wa kazi, nikamuuliza kwa sauti isiyofaa, akaninunia siku mbili. Nimeshamwomba radhi, ingawa bado naona ana uzembe wake: kila nikirudi nakuta dumu la lita 20 limeachwa kando ya banda la kuku, wakati madumu yote yanakaa jikoni.

Swali: nifungie kuku moja kwa moja, au nizungushie bustani? Waya wa kuku bei yake mnaijua, na mwezi huu kuna ada.

Siti ya Nyuma · #2

Natia nanga hapa. Na mimi kuku wamenifanyia hivyo hivyo, nikahamia kula kabichi za sokoni.

Mama Pacha Nkuhungu · #3

Mkuu, wewe unaulizia mchicha, mimi nimeishia pale uliposema una mtoto wa miezi 10 anayetambaa.

Fungia kuku. Mimi ni muuguzi, na pacha wangu walitambaa kwenye uwanja wenye kuku huru. Mtoto wa umri huo kila anachokiona ni chakula, na kinyesi cha kuku kimekauka kinafanana na punje ya chochote kile. Waliharisha mfululizo, nikabadilisha maji, nikachemsha kila kitu, kumbe chanzo nimekifuga mwenyewe. Tulipowafungia kuku na kuweka jamvi la kuchezea barazani, mambo yalitulia. Na hao wakubwa wakitoka kuokota mayai wanawe mikono kwa sabuni, si kujifuta kwenye kaptula.

Mchicha utaota tena.

Mzee Boma · #4

Sisi wa zamani hatununui waya. Panda minyaa kuzunguka bustani. Unakata tawi, unachomeka, haidai maji, mwaka wa pili hata mbuzi hapiti. Nenda vijijini huko Bahi na Chamwino uone maboma.

Mama Pacha Nkuhungu · #5

Mzee wangu shikamoo. Kwa nyumba yenye watoto wadogo hapana. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa, unachoma na unaweza kumharibia mtoto macho. Mtoto wa miaka mitano akiona kitu kikivunjwa kinatoa maziwa, atakivunja siku nzima.

Mzee Boma · #6

Marahaba. Hilo kweli. Basi tumia miba.

Bwana Shamba Mstaafu · #7

Mtoa mada, nitaongea kama mtu wa mifugo, uamuzi ni wako.

Kuku wakubwa wa kienyeji wahesabie 5 au 6 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo hao 19 wanataka mita 4 hivi za kulala na kauwanja ka kuchakura mchana. Lakini ujue ukishamfungia kuku umemfanya mfungwa, na mfungwa hulishwa. Akiwa huru alikuwa anajitafutia wadudu na majani, sasa vyote vitoke kwako. Pumba pekee haitoshi. Kwa Dodoma tuna bahati ya mashudu ya alizeti, changanya humo, na dagaa kidogo ukipata.

Na hapa nakazia: usiwape mahindi wala karanga zilizoota ukungu kwa kusema "si ni za kuku tu". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishii kwa kuku, mayai na nyama mnakula ninyi. Mwaka 2016 mkoani kwetu hapa na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu. Ya ukungu yachome.

Protini ya bure ipo pia: mchwa. Chukua chungu kibovu, jaza mabua na samadi kavu ya ng'ombe, nyunyiza maji kidogo, kigeuze juu ya njia ya mchwa jioni, kingo zifukie udongo. Kesho yake inua, kung'uta mbele ya vifaranga. Kazi hiyo wape watoto, hutawabembeleza.

Mwisho, umechanja? Mdondo (wengine wanauita kideri) unapenda sana kipindi hiki cha kiangazi kuelekea mvua. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na wachanjwe wakiwa wazima, si wameshaanza kuzubaa. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulio nao, changeni na majirani.

Zabibu Chungu · #8

Mimi nazungumzia upande wa mboga. Mkuu, umesema "matuta". Umeyanyanyua? Kama umeyanyanyua umeiga watu wa mvua nyingi. Huku kwetu mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Tuta lililonyanyuka linakaushwa na upepo pande zote.

Lizamishe. Chimba kwenda chini sentimita 20 hadi 30, udongo uliotoa uwe ukingo, rudisha ndani uliochanganywa na samadi iliyooza, bakisha shimo kidogo. Maji yakimwagwa yanabaki pale pale. Juu tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga (nenda kwa wabangua karanga, wanayatupa). Ule mwagilio wa kila siku utashangaa umekuwa wa siku ya pili au ya tatu.

Samadi ya hao kuku usiiweke mbichi, inaunguza miche. Irundike miezi miwili mitatu, iloweshe mara moja moja.

Halafu mvua zikianza usiangalie tu maji ya bati yakienda zake. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 20 ya jioni moja, ni lita 2,000. Tenki lako limejaa na umeme hujautumia.

Nikupe na marando ya matembele? Ninayo mengi, hayataki adabu nyingi kama mchicha.

Mkazi wa Mkonze · #9 · 13 Oktoba

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea madini yote haya. Mama Pacha, umenitisha lakini umenisaidia, kesho jamvi linatandikwa. Bwana Shamba, sikuwa nimechanja, nimeona aibu.

Zabibu Chungu, matuta nimeyanyanyua, tena kwa kamba ili yanyooke. Nayazamisha Jumamosi. Marando nayahitaji sana! Nimemwambia mke wangu, akasema "haya".

Kimya Kingi · #10

Nimesoma uzi wote. Nina maswali mawili tu.

Dumu la lita 20 linafanya nini kwenye banda la kuku kila siku?

Na huyo kijana wa chekechea, anayerudi nyumbani saa sita wakati wewe uko ofisini, mchicha anaupenda?

Siti ya Nyuma · #11

Loh.

Mkazi wa Mkonze · #12

Hapana mkuu. Mtoto wangu namjua. Na komeo liko juu, hafiki.

Kimya Kingi · #13

Ndiyo maana nimeulizia dumu.

Mkazi wa Mkonze · #14 · 26 Oktoba

MREJESHO

Wakuu, nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuandika haya nikabaki na heshima.

Wiki iliyopita alikuja mama mkwe kutoka Mpwapwa kumwona mjukuu mdogo. Siku ya kwanza tulikula ugali na mchicha (wa sokoni, wangu si uliliwa). Siku ya pili ugali na mchicha. Siku ya tatu mchana, mboga ilipofunuliwa, mama mkwe akaiangalia kidogo, akamgeukia kijana wangu. Yeye humwita "mume wangu", kama bibi wanavyotaniana na wajukuu.

"Mume wangu, jana mlikula nini?"

"Mchicha."

"Na juzi kabla sijaja?"

"Mchicha."

"Na kesho?"

Akafikiri. "Kesho Jumapili. Mchicha na nyama."

Mama mkwe hakunijibu mimi, maana sikuwa nimeuliza. Alimaliza kula, akanawa, akamshika mjukuu mkono wakaenda kukaa chini ya mpapai. Walikaa huko nusu saa. Binti yangu akaja kuniambia kwa siri kwamba yeye alijua siku nyingi, ila walikuwa wamekubaliana kwa pipi.

Ni hivi. Akirudi shule, dada akiwa anamlaza mdogo wao, kijana anachukua dumu tupu jikoni, analigeuza, anapanda, anafungua komeo, anasema "haya kaleni", anakaa kuwaangalia. Kuku wakishamaliza anawarudisha kwa kuwanyunyizia mtama. Kuwarudisha anakumbuka. Dumu ndilo alilokuwa anasahau.

Nilimwita nikamuuliza kwa upole kabisa, mama mkwe akiwa pembeni, kwa nini. Akanijibu bila hofu:

"Baba si ulisema kuku akila majani atataga mayai mengi? Mimi nataka yai."

Nilisema kweli. Nilisema mwezi wa nane, nikimfundisha. Nikageuka kutafuta msaada kwa mama mkwe, akaniambia, "Baba, hata mbuzi hubadilisha mti."

Kimya Kingi, popote ulipo, nakuvulia kofia. Dada wa kazi nimemwomba radhi mara ya pili, safari hii kwa kitenge.

Siti ya Nyuma · #15

Nimecheka mpaka konda kaniuliza kama nashuka.

Mama Pacha Nkuhungu · #16

Mkuu, nikuulize kwa heshima, huo mchicha ulikuwa mara ngapi kwa wiki?

Mkazi wa Mkonze · #17

Sita. Wakati mwingine saba.

Mama Pacha Nkuhungu · #18

Basi kijana hana kosa. Mayai je, mlikuwa mnayapeleka wapi?

Mkazi wa Mkonze · #19

Tulikuwa tunauza ofisini kwangu. Ya kienyeji yanagombaniwa. Nikiuandika huu uzi najisikia vibaya, tafadhali tuendelee.

Bwana Shamba Mstaafu · #20

Mtoto anayeanza chakula, kuanzia miezi sita, yai lililoiva vizuri ni lake. Huyo wa miezi 10 naye ana haki yake pale, hajui tu kupanda dumu. Uza yanayobaki.

Zabibu Chungu · #21

Na mboga zipo nyingi mkuu, nani kakufunga kwenye mchicha? Mvua zikija panda kunde, utakula majani kwanza, kunde baadaye. Maboga vilevile. Bamia inavumilia sana jua la huku. Mwambie mama mkwe akuletee mlenda mkavu wa Mpwapwa, ukikutana na ugali wa uwele hutauliza kuku wako wapi. Mchicha wenyewe utie karanga, siyo kuukaanga na kitunguu siku mia mfululizo.

Mkazi wa Mkonze · #22 · 9 Januari

Wakuu heri ya mwaka mpya. Nimeona mtu kaniuliza faraghani kama bado niko hai.

Mvua zilianza wiki ya kwanza ya Desemba. Ile mvua ya kwanza ya Dodoma, inayopiga vumbi kwanza mpaka linanuka, watoto wote walitoka nje na ndoo, masufuria, hadi poti la mdogo wao. Nilikuwa nimeshafunga mfereji kwenye upande mmoja wa bati. Tenki lilijaa kabla ya saa mbili usiku, nikabaki naangalia maji yakimwagika kwa uchungu, naulizia tenki la pili.

Matuta niliyazamisha. Zabibu Chungu ulikuwa sahihi, ila mvua kubwa ya tatu lilijaa maji moja zima na miche ya chinese ikaelea. Nimepasua mlango mdogo kwenye ukingo, nafungua mvua ikizidi.

Kuku nimewafungia. Uwanja wao nimeuzungushia waya upande mmoja na miba pande tatu (Mzee Boma, asante). Nimechanja nikishirikiana na nyumba nne. Kijana ndiye bwana mchwa sasa, kila jioni anatega chungu, asubuhi kabla ya shule anakiinua. Kuna siku siafu waliingia kwenye chungu kabla yake, siku hiyo alienda shule akilia na miguu imevimba. Komeo nimelipandisha usawa wa kidevu changu. Hata akiweka dumu juu ya dumu hafiki.

Mtetea mmoja alilalia mayai 12. Binti aliandika siku kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 21 akaizungushia wino mwekundu. Siku ya saba usiku tuliyamulika kwa tochi kwenye chumba cha giza, mawili hayakuwa na kitu. Wametotolewa 9. Kijana ameuliza kwa nini bata wa jirani bado amelala, nikamweleza hao bata wetu wa kawaida huenda hadi siku 35, akasema "wavivu".

Tuta la nne nilimpa achague mwenyewe cha kupanda. Amechagua karanga. Ila kila siku anafukua shina moja kuona kama zimezaa. Zilikuwa mashina 40. Nadhani tutavuna mashina mawili.

Mchicha sasa ni mara mbili kwa wiki, na karanga ndani. Juzi aliomba nyongeza, nikajifanya sijasikia ili nisiharibu.

Zabibu Chungu · #23

Na matembele yangu?

Mkazi wa Mkonze · #24

Yameshika vizuri mno! Yamefunika tuta zima, nimeongeza la pili. Nimewaambia nyumbani, kiangazi kijacho sisi ni matembele tu, hayana shida ya maji kama mchicha.

Mama Pacha Nkuhungu · #25

Mkuu, "tu" hiyo.

Mkazi wa Mkonze · #26 · 3 Februari

Wakuu, naomba mawazo, ila ya taratibu.

Jana nimerudi jioni nikakuta kuku wametoka. Matuta yote mawili ya matembele yamebaki vikonyo. Mchicha haujaguswa, bamia haijaguswa, kunde hazijaguswa. Mtu amewasimamia kuku hao wasiende upande mwingine.

Kijana alikuwa na bibi yake Mpwapwa tangu Ijumaa. Binti alikuwa shule mpaka saa kumi. Dada wa kazi yuko likizo. Komeo liko usawa wa kidevu changu na hakuna dumu.

Nimekumbuka kwamba mke wangu alisoma bweni miaka minne, na aliwahi kunisimulia walichokuwa wanakula huko.

Kimya Kingi · #27

Umemuuliza?

Mkazi wa Mkonze · #28

Hapana. Jioni tulikula mayai.